Kila Mtu Peke Yake

Kila jioni Corliss alimkanda mama yake vidole. Verlene alipasua kambare kiwandani, huko Delta ya Mississippi, na vidole vilikuwa vimekakamaa kama kuni. Muda wa kuvaa aproni, kunoa visu na kuosha damu haukulipwa kabisa.

"Si mwende mahakamani?" Corliss aliuliza.

"Tulitia saini mkataba siku ya kuajiriwa, mwanangu. Ukiwa na dai, humwoni hakimu. Unapelekwa kwa msuluhishi, mlango umefungwa. Tena uende peke yako. Kudai kwa pamoja ni marufuku."

Kesho yake shuleni Corliss aliwasimulia wenzake, na Brantley, mtoto wa Haskew, msimamizi wa kiwanda, akamcheka mbele ya wote.

"Mama yako anasaini asichosoma! Aende kortini basi, tuone!"

Corliss alifura. Baada ya masomo alikwenda moja kwa moja kiwandani, akaokota jiwe na kulilenga gari la Haskew. Mkono wake ukadakwa kwa nyuma. Mama alikuwa ametoka zamu, bado ananuka samaki.

"Liangushe! Ukivunja kioo hicho, kesho sina kazi."

"Lakini wanawaonea!"

"Unadhani sijui? Mimi gogo?"

Jumamosi walikwenda kwa wakili, Bi Tubbs. Aliusoma mkataba polepole, akacheka bila furaha.

"Wanataka kila mtu aje peke yake. Na hapa wameahidi kwamba kiwanda ndicho kitakachomlipa msuluhishi, kwa kila shauri. Haya, nendeni kila mtu peke yake. Lakini nendeni wote."

Mama na mwana wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakiwaomba wafanyakazi wengine nao wadai. Wengi waliwafungia mlango. "Mnataka tufukuzwe?" jirani yao Odessa aliwafokea. Wiki hiyohiyo Haskew akamkatalia Odessa ruhusa ya kwenda msalani. Jioni Odessa akaja mwenyewe, macho mekundu. "Niandikeni."

Wengine wakafuata. Madai yakamiminika, kila moja na msuluhishi wake wa kulipwa, hadi mabwana wa kiwanda wakaanza kulilaani sharti walilolitunga wenyewe. Mwishowe walisalimu amri, wakalipa muda wote waliowadhulumu wafanyakazi.

Corliss alirukaruka jikoni. "Tumewakomesha!"

"Hawajakoma," Verlene alisema, akimkazia macho. "Wataandika mkataba mwingine, mkali kuliko huu. Kwa hiyo soma kabla ya kutia saini. Na mtu akikulazimisha uje peke yako, jiulize anaogopa nini mkija wengi."