Mgonjwa wa Kitanda cha Darasani

Kikombe kilikutwa nusu. Felicitas ndiye aliyefungua chumba cha darasa asubuhi ile, na jana yake jioni alikuwa amekifunga mwenyewe kwa ufunguo, kikombe kikiwa kimejaa maji hadi ukingoni juu ya meza ndogo kando ya kitanda. Akatazama sakafu. Ilikuwa kavu. Akasema moyoni kwamba ni joto la Temeke, akakijaza tena.

Miaka tisa alikuwa ameuguza wodini katika hospitali hiyo ndogo ya misheni, tangu alipofika kutoka Bukoba akiwa msichana. Aliwageuza wagonjwa, akawaosha, akawafumba macho waliokufa. Mwaka ule wa 1953, Metroni, Mzungu mwenye huruma asiyejua kuisema, alimvua aproni ya wodi, akamfunga mkanda wa Sista, cheo cha muuguzi mkuu, na kumkabidhi wasichana sita awafundishe unesi. Kesho yake kiti cha Metroni mwenyewe chenye mto kilikutwa mbele ya darasa.

Shule haikuwa na sanamu ya kujifunzia. Kuwafanyisha wasichana mazoezi kwa watu wenye maumivu, Felicitas aliona ni ukatili. Basi akatandika kitanda kitupu kwa shuka nyeupe na kubuni mgonjwa: Bi Anastasia, miaka thelathini, nimonia. Kila siku wasichana walimsalimu na kumwuliza amelalaje. Walimwogesha pasipo mwili, wakamlisha uji na yai kwa kijiko, wakaandika joto lake kwenye chati ya ukutani. Mwanzoni walicheka, kisha wakazoea. Yuliana, mdogo wao, binti wa mchonga vinyago kutoka Newala, alimwonea huruma kama mgonjwa wa kweli. Siku moja alileta kipande cha udi akakifukiza, ili Bi Anastasia asichoshwe na harufu ya dawa.

Mzee Mwishehe, Mzaramo aliyefagia hospitali, alisimama mlangoni na ufagio wake. Felicitas akamwamkia. Mzee aliitikia, macho yakiwa kitandani.

"Mwanangu, nani analala hapa?"

"Hakuna mtu, mzee. Tunajifunza."

"Shuka nyeupe, yai, udi, na jina mnaliita kila siku. Kwetu hivyo ndivyo anavyoalikwa mgeni asiye mtu. Na nyie mnamwogesha juu ya hayo. Mie nina wake watatu, sijatunzwa hivyo hata siku moja."

Felicitas alicheka. Mambo ya pwani aliyasikia kama mtu wa bara asikiavyo ngoma ya mtaa wa pili. Mzee hakucheka.

Jumatatu iliyofuata chati ilikutwa imeandikwa kabla darasa halijafunguliwa: joto mia na tatu za Farenhaiti, kwa mwandiko usio wa yeyote. Felicitas aliwauliza wasichana mmoja mmoja, na kila mmoja alikana. Adhuhuri Yuliana alianguka. Kipimajoto kilisema mia na tatu. Kesho yake chati ilisema mia na nne, na mwili wa Yuliana ukafuata. Daktari alimpa kwinini, akatafuta malaria kwenye damu, hakuiona. Wenzake walimpepea kwa zamu, bila kuagizwa na mtu.

Siku ya nne, saa nane mchana, hospitali nzima ikiwa imejilaza kwa joto, Felicitas aliingia darasani peke yake ili aifute ile namba. Alikuwa ameinua kitambaa pale udi ulipomfikia puani, ingawa hapakuwa na kaa la moto, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua vizuri mno, jasho la mtu aliyelala muda mrefu, kisha akasikia pumzi, fupi, yenye kukwama, pumzi ya nimonia aliyoisikiliza kwa miaka tisa katika vifua vya watu, nayo ilitoka nyuma yake, juu ya kitanda alichokitandika kwa mikono yake, na alipogeuka aliona shuka imebonyea kwa urefu wa mtu na mto umeingia ndani kwa uzito wa kichwa.

"Umechelewa, Sista," sauti ikasema, ya upole. "Wale watoto mikono yao mizito."

Mzee Mwishehe ndiye aliyemleta Fakihi, mwalimu wa Mtoni aliyesifika kwa kutoa majini. Mzee hakumwambia Felicitas, 'Nilikuonya.' Alimshika tu mkono, akamkalisha kwenye benchi. Fakihi alijifungia darasani akasoma tangu adhuhuri hadi alasiri. Alitoka kanzu imelowa.

Alieleza kwamba majini wengine huja kwa hasira, au kwa kutumwa, na hao hutoka. Huyu aliitwa kwa heshima, akapewa jina na ugonjwa.

"Mgonjwa hafukuzwi, dada yangu. Ameniambia ataondoka akipona. Na nani atamponya maradhi ya kubuniwa? Anataka kuuguzwa na anayejua. Akikosa, atamchukua yule mtoto."

Felicitas aliuliza itakuwaje wakikichoma kitanda.

"Atalala wapi, kama si mwilini mwa mtoto?"

Jioni ile Felicitas alifungua mkanda. Alimwomba Metroni amrudishe kwenye kuuguza, na Metroni, akidhani ameogopa ukubwa, hakumgombeza. Alimgusa bega, macho yake yamejaa maji. Darasa likahamia stoo, chini ya mwalimu mwingine. Felicitas akaomba aachiwe kile chumba, akapewa. Alimwosha mgonjwa wake, akamlisha, akamgeuza, na mikononi aliusikia uzito wa mtu mzima. Siku ya tatu chati ilishuka hadi tisini na tisa. Yuliana akaomba chai, na Felicitas akalia.

Haikushuka tena. Tisini na tisa ilikaa pale miezi na miezi, si homa si uzima. Felicitas alikonda, nywele zikamtoka. Siku wasichana wote sita walipofaulu mtihani aliwasikia wakiimba uani, na hakuweza kutoka, kwa sababu pumzi ya kitandani ilikwama kila alipoinuka.

"Umechoka, Sista."

"Nimechoka."

"Nani anakupokea zamu?"

Felicitas alikuwa ameapa kwamba ndani ya chumba kile halitatajwa jina jingine la mtu. Ndipo mlango ukagongwa taratibu. Aliufungua upenyo mdogo. Yuliana alisimama nje, gauni lake jipya jeupe limepigwa pasi vizuri, kibakuli cha mchuzi mkononi.

"Shikamoo, Sista."

"Ondoka, mwanangu."

"Najua yupo. Nilimwona nilipougua. Najua unakaa hapa kwa ajili yangu." Alisema kwa kunong'ona, kama watu wasemavyo mbele ya aliyelala. "Kalale kidogo tu. Nitakaa naye mie."

Felicitas aliusukuma mlango ili aufunge, lakini mikono iliteleza kwenye ubao, akapepesuka. Na Yuliana, alipoona anaanguka, aliweka kibakuli chini haraka, akavuka kizingiti, akamdaka.

Nyuma ya Felicitas kitanda kililia, kama mgonjwa anayejitahidi kuketi ampokee nesi mpya.