Siku Chiriku Aliponyamaza

Kila alasiri, baada ya kutoka shule na kula, Chiriku alikwenda kumsaidia mama yake dukani. Lilikuwa duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, lenye kompyuta moja na printa iliyokwaruza kabla ya kutoa karatasi. Chiriku alifagia, alipangusa vumbi, na akachapa kazi fupi za wateja. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. "Vidole vya mtoto huyu vina mbio kuliko hata mdomo wake," wateja walisema, naye akavimba kichwa.

Sifa hizo zilihama binamu yake alipokuja kuishi nao. Binamu alikuwa mdogo kwake na hakuwa na maneno mengi, ila alijua kuandika herufi za lugha za kigeni, zile zenye mkwaju, yaani kistari cha mshazari, juu au mkia chini. Alishikilia kitufe cha Alt, akabonyeza namba za upande wa kulia wa kibodi, na herufi ikajitokeza. Mama alimsimulia kila mteja habari zake. Kila alipotamka "binti wa kaka yangu", Chiriku alihisi kama amemeza kaa la moto.

Siku moja, Chiriku alipokuwa akipangusa kibodi, kitambaa kilibonyeza kitufe cha Num Lock na taa yake ndogo ikazimika. Alijua kwamba bila taa ile, namba za kulia haziandiki. Alinyoosha kidole aiwashe. Mara akamsikia mama akicheka na binamu mlangoni, akakirudisha kidole. "Tuone leo huo ujuzi," alisema moyoni.

Punde akaingia fundi cherehani, jirani yao. Binti yake alikuwa akiolewa na kijana wa nchi ya mbali, na kadi za mwaliko zilitakiwa jioni ile.

"Jina la mkwe mwenzangu ni hili," alisema, akionyesha simu yake. "Lina mkwaju juu ya e, na c yake ina mkia. Msimkate mtu mkia, ataninunia kabla hatujaonana."

Binamu aliketi, akashikilia Alt, akabonyeza namba. Herufi haikutokea. Akajaribu tena na tena. Jasho likamtoka puani.

"Mwanangu, kama umesahau, sema," mama alimwambia.

"Sijasahau, shangazi. Sijui leo kuna nini."

Fundi cherehani akatazama saa, kisha akachukua mkoba wake. "Basi nijaribu duka la ng'ambo ya barabara."

Chiriku alikuwa ameingoja aibu hiyo, lakini ilipofika hakuona utamu wake. Binamu akamgeukia, macho yamelowa. "Dada, mashine hii unaijua kuliko mimi. Hebu niangalizie."

Maneno hayo yalimkata maini. Chiriku akasogea, akabonyeza kitufe kimoja, taa ikawaka. "Jaribu sasa," alisema kwa sauti ndogo. Binamu akajaribu, na e ikatokea na mkwaju wake. Fundi cherehani akaweka mkoba chini.

"Mama," Chiriku alisema, "taa niliizima mimi wakati wa kupangusa. Ilikuwa bahati mbaya. Lakini niliona, nikanyamaza makusudi. Binamu, nisamehe."

Binamu alifuta macho kwa mkono wa gauni, kisha akasogea upande mmoja wa benchi. "Kaa. Hiyo c ya mkia utaiandika wewe. Nitakutajia namba."

Kadi zilikamilika, na mteja akaondoka ameridhika. Ndipo mama akamwita Chiriku.

"Nilimsifu mwenzako nikasahau kukusifu wewe, hilo ni kosa langu," alisema. "Lako ni kubwa zaidi. Mteja angeondoka, na jina baya lingekuwa la duka hili linalotulisha sote. Mwenzako akijua usilolijua, mwanangu, usimzimie taa. Keti karibu naye ujifunze."