Chemchemi ya Digrii Arobaini na Mbili

Bunge lilikuwa linakaa, mji wa Dodoma hauna pa kukanyaga, na duka la fotokopi karibu na stendi lilijaa kama kilabu siku ya mnada. Zamu ya Optatus ilipofika, karatasi yake ikaingia kwenye mashine, umeme ukakatika.

"Mgao!" watu wakapiga kelele.

"Nchi hii!" Optatus akafoka. "Naomba ruzuku ya umeme, umeme wenyewe unanimezea karatasi. Wakubwa wako hotelini na jenereta zao!"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, kucha nyekundu.

"Punguza hasira, kaka. Ruzuku gani hiyo?"

Akamweleza. Kijijini kwao, ng'ambo ya Bahi, kuna chemchemi ya maji moto. Serikali imetangaza ruzuku kwa vijiji vyenye joto chini ya ardhi, vichimbiwe visima vya majaribio vya kuzalisha umeme. Yeye ni katibu wa kamati ya kijiji. Hakusema kwamba mkewe, Lea, alifia zahanati, nesi akipapasa kibiriti gizani. Hilo alilisema mwezi wa pili wa kujuana kwao, na Violeth, ndilo jina la yule mwanamke, akamshika mkono.

"Barua hiyo itapita mezani kwangu," Violeth alimwambia siku ile. "Mimi karani wa masjala, ofisi hiyohiyo ya ruzuku. Ukiniudhi, naiweka chini kabisa."

"Basi nikununulie soda."

Soda zikawa nyingi. Kila Jumatano Violeth akapiga simu dukani kwa Anthony, pale Bahi, ambako Optatus alimngoja.

"Mzee wa maji moto hajambo?"

"Amepoa, mpenzi. Anangoja umpashe."

"Mwone! Watu si wanasikia?"

"Wote. Anthony amezima redio asikie vizuri."

Wiki moja kabla kamati ya ruzuku haijakaa, ikaja barua: jalada la kijiji limeondolewa. Sahihi ya Violeth. Siku hiyohiyo konda wa basi akamwambia amemwona Violeth ndani ya Landkruza ya mkurugenzi wa ofisi yake, kiti cha mbele.

Optatus hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wakubwa walishamchukulia mengi.

Jumatano simu ikalia, Anthony akainyanyua.

"Mwambie sipo," akamnong'oneza Anthony.

"Nimekusikia," Violeth akasema humohumo kwenye simu. Optatus akaipokea.

"Umeniuza, Violeth."

"Sikiliza kwanza, Opta..."

Akakata.

Jumamosi Landkruza ikasimama kando ya chemchemi. Violeth akashuka, viatu mkononi, kitenge kimejaa vumbi.

"Mkurugenzi wako yuko wapi?" Optatus akauliza.

"Kwake, analala. Nimembembeleza wiki nzima aniazime gari nikuletee hiki." Akafungua furushi la khanga. Ndani kulikuwa na kipimajoto kirefu cha maabara. "Ninyi maji mlipima na nini?"

"Kipimajoto cha zahanati."

"Kinaishia ngapi?"

Optatus akatazama chini. "Arobaini na mbili."

"Na kwenye fomu ukajaza?"

"Arobaini na mbili."

"Miezi minne, kila wiki, arobaini na mbili! Hukushangaa?"

"Vitatu vilipasuka. Nikaandika namba ya mwisho niliyoiona."

Violeth alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. "Kamati inataka zaidi ya sitini, baba. Wangelitupa jalada lenu. Nikaliondoa nikuokoe, nakupigia, unanikatia!"

Wakachuchumaa pamoja kwenye mvuke. Zebaki ikapanda, ikapita sitini, ikatulia sabini na nane. Optatus akaandika mwenyewe.

"Jumatatu linarudi mezani," Violeth akasema. "Wakikataa, tutaomba mwakani."

"Nisamehe. Nina mdomo mbaya, na nyumba yangu ina koroboi moja."

"Koroboi najua kuiwasha."

Optatus akafuta jasho la mvuke. "Baba yako anapatikana lini pale kwenu Nkuhungu?"

Violeth akainamia maji kuficha uso. "Jumapili, baada ya ibada. Njoo na mjomba wako anayejua kusema. Wewe kaa pembeni, usifungue mdomo mpaka nimeshakubali."