Gongo la Baba na Randa ya Bei Rahisi

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akachungulia chumbani na kusema, "Shikamoo, Baba." Baba yake aliitikia marahaba huku akiutazama ukuta. Msichana alifagia, akaosha vyombo, akamwekea baba yake chai kando ya kitanda. Baadaye alirudi kuichukua ikiwa imepoa, haijaguswa. Mvua ilikuwa ikinyesha bila kukoma, na nyumba nzima ilinuka unyevu.

Jina la Chapuchapu alipewa na shangazi yake. Kila kazi aliimaliza kabla wengine hawajaanza, na nusu ya kazi hizo ilibidi irudiwe. Ukizitazama sahani alizoosha, ungejua jana walikula nini.

Baba alikuwa dereva wa lori. Ajali ilimwacha hai, lakini goti la kulia lilikakamaa na halikukunjika tena. Hospitali walimwazima magongo, kisha muda ukaisha, wakayachukua. Tangu hapo alitembea kwa kushika ukuta, kutoka kitandani hadi chooni na kurudi. Msimamizi wa yadi ya malori alimtumia ujumbe kwamba ipo kazi ya mezani, ya kupanga safari za magari, naye atamngoja hadi mwisho wa mwezi. Ila aje mwenyewe, wamwone akitembea. Baba aliusoma ujumbe, akaificha simu chini ya mto na kugeukia ukuta.

Mama yake Chapuchapu alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo baada ya ajali Shangazi ndiye aliyehamia kwao kuwasaidia. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Useremala kwake ulikuwa wa kujifurahisha tu. Alichonga miiko na vigoda kwenye baraza la nyuma, na majirani walimtania kwamba mume amemkosa, sasa anajichongea wake.

"Angalau huyo hatakoroma," aliwajibu, akaendelea kuchonga.

Siku moja alirudi na mbao mbili ndefu ngumu begani, na mfukoni randa ndogo ya bei rahisi. Ilikuwa ile randa yenye mikono miwili, unayoishika kama usukani wa baiskeli na kuivuta kwako ili kuuchonga mti uwe wa mviringo.

"Namchongea kaka yangu gongo," alisema. "Yadini atakwenda."

Walipoijaribu, randa iliruka, ikapiga kelele, ikaparura mbao kama paka.

"Shangazi, umeuziwa chuma chakavu."

"Si chakavu. Haijamalizwa tu. Kazi waliyoiacha kiwandani tutaifanya sisi."

Akafungua skrubu na kutoa kisu. Pale kisu kinapolala palikuwa na mabonge ya rangi ya buluu. "Unaona? Kisu kikilala juu ya rangi kinatikisika, na kikitikisika kinaruka." Wakaikwangua rangi kwa tupa mpaka chuma kikaonekana. Wakatandika msasa juu ya kipande cha kioo, wakausugua uso wa chini wa randa mpaka ukawa bapa. Mikono ya Chapuchapu iliuma, naye alikuwa akipiga miayo waziwazi.

"Kesho tutanoa kisu," Shangazi alisema. "Kabla ya hapo usiiguse. Na ukiitumia, itazame mbao kwanza. Penye kifundo, pale lilipoota tawi, nyuzi za mti zinageuka, nawe geuka, uvute kutoka upande wa pili."

Kesho yake Shangazi alichelewa kurudi kutoka kazini. Siku za mwezi zilikuwa zikipita, na Chapuchapu aliona baba yake atachelewa kwa sababu ya kunoa kisu. Akakipitisha kisu kwenye jiwe la kunolea mara chache, akakirudisha, akaanza kuvuta. Maranda yalitoka kidogo kidogo, naye akajipongeza kimoyomoyo. Alipofika kwenye kifundo, chini kidogo ya kishikio cha gongo, hakugeuka. Kisu kilizama, kikang'oa kipande kirefu cha mti.

Alibaki amekodoa macho. Shimo lilikuwa la kina, na mbao ya kurudia kazi ilikuwepo, lakini kurudia ni kurudia. Akachanganya gundi na unga wa mbao, akaziba, akapiga msasa, akapaka vanishi nzito. Shangazi aliporudi alilikuta gongo limesimama ukutani, linameremeta.

"Kisu ulikinoa?"

"Nilikinoa."

"Na kifundo hakikukusumbua?"

"Hapana, Shangazi."

Shangazi alikuwa hoi kwa uchovu, na vanishi ilikuwa mbichi. Hakuligusa.

Vanishi ilipokauka, Baba aliliona gongo. Alilitazama kwa muda mrefu, akaomba wembe, akanyoa ndevu kwa mara ya kwanza tangu ajali. Akavaa shati la kola. Alivuka chumba, akavuka sebule, akafika kizingitini na kuegemeza uzito wake wote ili ashuke. Gongo likakatika. Baba alianguka kifudifudi kwenye matope, mbele ya majirani waliokuwa wamejibanza barazani kukwepa mvua. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi.

Wakamwinua. Akarudi chumbani akishika ukuta. "Niacheni," alisema, akafunga mlango.

Shangazi alivisukumia vile vipande vyenye matope chini ya meza, hata hakuvitazama. "Mbao niliichagua mimi," alisema. "Mikono yangu ni ya kufua mashuka. Kesho naigawa hii randa, na miiko na vigoda basi." Akaifunga randa kwenye kitambaa.

Chapuchapu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimshuku. Lakini alimwona Shangazi akifuta machozi kwa kile kile kitambaa, na ng'ambo ya mlango kulikuwa kimya kabisa. Akaokota kipande kimoja, akakifuta matope, akabisha mlango wa baba yake na kumwita Shangazi aje pia.

"Baba, si mbao na si Shangazi. Ni mimi." Akaikwangua ile sehemu aliyoiziba kwa ukucha, na unga ukamwagika sakafuni. Akaeleza yote, kisu, kifundo, gundi na uongo, huku akilia mpaka maneno yakawa hayasikiki vizuri.

Baba alikishika kile kipande, akakigeuza, akaingiza kidole shimoni.

"Ulikuwa unajua nitaegemea hapa?"

"Nilijua, Baba."

Hapakuwa na jibu lililomuuma Chapuchapu kuliko hilo lake mwenyewe. Baba akamwambia dada yake, "Hiyo randa usiigawe. Leteni jiwe na kisu hapa. Mguu ndio ulioharibika, si mikono."

Akainoa randa akiwa ameketi kitandani. Alianza na upande bapa wa kisu, mpaka ukang'aa, ndipo akaenda kwenye makali. Kila Chapuchapu aliposema "tayari," Baba alikijaribu kisu kwenye vinyweleo vya mkono wake na kutikisa kichwa. Hatimaye vinyweleo vilikatika. "Sasa," alisema.

Chapuchapu alichonga gongo jipya kwa mbao iliyobaki, Shangazi akiwa kando yake. Maranda yalitoka membamba, marefu, bila kelele. Kwenye kila kifundo alisimama, akatazama nyuzi, akageuka. Kazi ilichukua jioni nyingi, na mara mbili alitamani kuitupa. Lilipokwisha, Shangazi aliliegemea kwa uzito wake wote, naye hakuwa mwepesi. Halikulia.

Siku ya mwisho ya mwezi mvua ilikuwa bado inanyesha. Baba alisimama kizingitini pale pale, majirani wale wale wakimtazama.

"Hili lina jambo lolote nisilolijua?"

"Chini ya kishikio kuna mkwaruzo, Baba. Mkono uliniponyoka. Si wa kina, nimeuacha uonekane. Na vanishi sikupaka."

Baba aliupapasa mkwaruzo kwa kidole gumba. Akaegemea, akashuka kwenye matope, akaenda zake polepole mpaka akapotea kwenye kona.

Alirudi jioni, ameloa chapachapa, uso umemsawijika kwa maumivu ya goti. Kazi alikuwa amepewa. Chapuchapu alimletea chai na kusimama kando.

"Keti, mwanangu," Baba alisema. "Kazi ikiharibika, sema imeharibika. Mti uliopasuka ningeuona, nisingeuegemea. Nilianguka kwa sababu uliuziba, ukaupaka vanishi, ukanipa nikauamini. Kuchelewa nisingekulaumu, hata kama kazi ningeikosa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

"Haya."

Akachukua kikombe kwa mikono miwili, akainywa chai ikiwa bado ya moto, mpaka ikaisha.