Waya Mwekundu wa Diski ya Zamani

Kila asubuhi kabla ya shule, Umutesi na dada yake Henriette walikwenda bombani kuchota maji. Waliishi mtaa wa Mabanga, na njia ya bombani ilipita juu ya mawe meusi makali yanayotoboa viatu. Henriette, mwenye miaka kumi na minne, alibeba bidoni ya lita ishirini. Umutesi, mwenye miaka kumi na miwili, alibeba ya lita kumi. Koko, mama mzazi wa baba yao, aliwangojea mlangoni.

Jumamosi moja, Shangazi Emerance, anayetengeneza kompyuta kule Birere, alifika na kifurushi. Ndani mlikuwa na diski mpya, nyembamba kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha.

"Kompyuta yenu inachelewa kufunguka kwa sababu ya diski yake," alisema. "Ndani mna sahani zinazozunguka, ndiyo maana inavuma. Hii mpya haina kitu kinachozunguka. Inasoma haraka sana."

"Basi ya zamani tuitupe?" aliuliza Umutesi.

"Hapana! Mpya itawasha mashine. Programu nimekwisha kuziweka. Ya zamani ina nafasi kubwa, itaendelea kutunza picha zenu. Zote mbili zitakaa ndani. Henriette, mikono yako imetulia, wewe utaifunga hii mpya. Umutesi, shika tochi."

Tochi! Umutesi aliishika shingo upande. Juma lile lile Henriette alikuwa amesifiwa kwa kuwa wa kwanza darasani. Sasa na kompyuta pia ikawa yake.

"Umutesi, mwanga uko ukutani," Shangazi alicheka. "Tunatengeneza mashine, hatutengenezi ukuta!"

Zamani, kompyuta ilipowashwa, Koko alimaliza kuchambua ungo mzima wa maharage kabla haijafunguka. Siku ile, Henriette alipomaliza kufunga diski, ilifunguka kabla Koko hajatoa jiwe la kwanza.

"Proficiat! Hongera, ingeniere wangu!" Papa, baba yao, alimpigia makofi Henriette, mhandisi wake mpya. Hakuna aliyemtazama Umutesi na tochi yake.

Shangazi aliacha kifuniko wazi, maana skrubu mbili zilipotea, angezileta Jumatatu. Kompyuta ilizimwa, wote wakaenda kula. Umutesi alibaki nyuma. Aliinama, akauchomoa waya mwekundu wa diski ya zamani. "Tuone kama watampigia makofi tena," alinong'ona.

Jumapili, baada ya misa, Koko alikaa mbele ya kompyuta kama kawaida yake. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, kama anayetembelea watu. Kila Jumapili alitazama picha za nyumba yao ya zamani, ile iliyofunikwa na moto wa mlima wa volkano ulipolipuka. Katika picha moja, Muzee Havugimana, marehemu mume wake, alisimama mlangoni akicheka. Picha hiyo haikuwepo mahali pengine popote.

Henriette alitafuta. Akatafuta tena.

"Papa... picha hazionekani."

"Umezifuta?" Papa aliinuka. "Henriette, umefuta picha za muzee?"

"Sijui, Papa. Labda nilikosea kufunga." Machozi yalimtoka.

"Hutagusa tena mashine hii! Na wewe Umutesi, ulikuwepo. Ulikuwa unatazama nini?"

"Usimkemee, Papa," Henriette alisema haraka. "Yeye alishika tochi tu. Kosa ni langu."

Koko alikunja miwani yake, akaiweka mapajani.

Umutesi alikuwa ameingojea saa hiyo tangu jana, lakini sasa hakuona utamu wake.

"Si Yaya," alisema, akimwonyesha dada yake mkubwa. "Ni mimi. Nilichomoa waya. Nilikuwa na wivu."

Papa alifungua mdomo, lakini Koko aliinua mkono.

Henriette alipangusa uso. Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme ukutani, kisha akachukua tochi. "Njoo," alisema. "Ulichomoa wewe, utarudisha wewe. Mimi nitakumulikia."

"Mwanga usiende ukutani," Umutesi alijibu kwa sauti ndogo.

"Wewe funga, acha maneno!"

Waya uliingia. Kompyuta iliwashwa. Diski ya zamani ilivuma, na Muzee Havugimana akatokea mlangoni pake, akicheka. Koko alivaa miwani, akamtazama kwa muda mrefu. Ndipo alipomvuta Umutesi karibu.

"Mutoto wangu, bidoni ya lita ishirini, nani anaibeba kila asubuhi?"

"Yaya Henriette."

"Nani alimwambia aibebe?"

Umutesi alifikiri. "Hakuna."

"Hakuna. Huichukua kabla wewe hujaifikia, ili wewe usiumie mgongo. Mimi huona, kwa kuwa nawangojea mlangoni. Wewe ulihesabu sifa zake tu, hukuona mema anayokutendea. Wivu hufanya hivyo. Ulikaribia kumwangusha dada yako, na kuninyima mimi uso wa muzee wangu. Lakini ulisema ukweli mbele yetu wote, na hilo pia nimeliona. Sasa mwombe msamaha."

Umutesi aliomba msamaha, kwa Henriette, kisha kwa Koko.

Jumatatu asubuhi aliamka mapema, akaichukua bidoni kubwa. Wakati wa kurudi alipiga hatua kumi tu, maji yakamlowesha sketi yote.

"Ingeniere wa maji!" Henriette alicheka, akashika upande mmoja wa mpini. "Lete, tubebe wote."