Kwa Nini Hakuna Aliyesema?

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani katika karakana ya kushona sare za shule. Kazi yake ilikuwa kuunga kola. Alikuwa na mkono mwepesi, na maneno hayakumwishia. Mume wake, fundi baiskeli, alizoea kucheka naye jioni mpaka mbavu zikamuuma.

Kisha karakana ikapata msimamizi mpya. Mafundi walimpa jina la Radi, maana hujui itampiga nani.

Siku moja walipokuwa wakila, mume alisema, "Mama Pacha, hebu nipe chumvi."

Mama Pacha akashtuka. "Samahani, bosi!"

Watoto wao pacha wakaangua kicheko. Yeye pia akacheka. Halafu machozi yakamtoka.

"Huko kazini kuna nini?" mume akauliza.

"Leo msimamizi ameniita kichwa maji mbele ya watu wote. Kisa, kola moja tu! Nataka kuacha kazi."

Dada wa mume alikuwa akila nao. Miaka mingi alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni.

"Wifi, kola yenyewe ilikuwa na nini?" akauliza.

"Mishono iliruka."

"Umekosea wewe, au ni mashine?"

Swali hilo Mama Pacha hakuwahi kujiuliza.

"Na wenzako wanasemaje?"

"Sijui. Siku hizi hatuongei. Kila mtu na lake."

"Sikiliza. Ukali si kosa. Msimamizi mkali atasema: kola imepinda, fumua. Anazungumzia kola. Huyu anakutukana wewe."

"Sasa nimjibu?"

"La. Chukua daftari. Andika tarehe, saa, maneno aliyosema na waliosikia. Usiongeze hata neno. Halafu waulize wenzako. Msiende kwa meneja mmoja mmoja."

Kesho yake, wakati wa chai, Mama Pacha alianza kuuliza.

"Mimi nguo mbovu nazificha chini ya mabaki ya vitambaa," mkataji akanong'ona.

"Cherehani ya nne, hiyo unayoshonea, inaruka mishono tangu mwezi uliopita," akasema fundi wa vifungo.

"Mbona hukusema?"

"Aliyesema aliitwa ng'ombe. Wiki ile ile akaacha kazi."

Mama Pacha akaweka kikombe chini. Kumbe walikuwa wengi! Woga ukampungua, hamu ya kujua ikamshika. Nani mwingine ameficha? Nini kingine kimeharibika? Baada ya wiki mbili, daftari lilikuwa na kurasa sita.

Wakaenda watatu kwa meneja. Alisoma polepole.

"Maneno haya mliyasikia wenyewe?"

"Kwa masikio yetu."

Meneja akainuka. Akaketi kwenye cherehani ya nne, akashona kipande cha kitambaa. Mishono ikaruka. Akakigeuzageuza.

"Nilidhani sare mbovu ni uvivu wenu," akasema. "Kwa nini hakuna aliyesema?"

"Kusema ndiko kulikotuletea matusi," Mama Pacha akajibu.

Cherehani ikatengenezwa. Radi akapewa onyo la maandishi. Aliwatukana mbele ya watu, kwa hiyo akaomba radhi mbele ya watu.

"Hata mimi nilifundishwa kazi kwa matusi," akasema kwa sauti ndogo. "Sikujua njia nyingine."

Meneja akabandika tangazo mlangoni: kutukana ni kosa la kazi, na anayetoa taarifa ya hitilafu hataadhibiwa.

Tangazo lilisomwa na wote, lakini hakuna aliyeliamini bado.

Wiki iliyofuata fundi wa vifungo akasimama.

"Bosi, nimetoboa matundu vibaya. Mashati matano."

Cherehani zote zikanyamaza. Radi akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nionyeshe," akasema. "Ilianzia wapi?"

Cherehani zikaanza kulia tena, moja baada ya nyingine.