Mtoto wa Chini ya Hamamu

Meliha alipomwaga maji ya moto kwenye tundu la sakafu, hakuyasikia yakianguka. Alisikia mtu akivuta pumzi ghafla, kama anayeungua.

Akabaki ameinama, chupa ya chai mkononi.

"Haluk, umesikia?"

Mumewe hakusikia kitu. Alikuwa amesimama juu ya ukuta uliobomoka, mikono kiunoni, utadhani kaujenga yeye. Haluk alikuwa daktari wa meno mjini Izmir, lakini moyo wake ulikuwa kwenye magofu. Likizo ikifika, wenzake hukimbilia ufukweni. Yeye huipakia familia garini akaenda kuianika juani kati ya nguzo za Wagiriki na Warumi. Safari hii aligundua mji usio na hata mlinzi, kilimani nyuma ya mashamba ya mizeituni: barabara ya mawe, nguzo chache, na hamamu ya Kirumi isiyo na paa.

"Chini ya sakafu hii pako wazi," alisema. "Moto ulipitishwa humo, mawe yakapata joto, watu wakaoga raha mustarehe. Wale walikuwa watu!"

Mama yake, Bi Makbule, alikuwa ameketi juu ya mkeka kwenye kivuli cha mtini ulioota katikati ya hamamu, akimpepea mjukuu wake Koray, ambaye hata jino la kwanza alikuwa hajaota. Alimtazama mkwewe kwa jicho kali.

"Umemwaga nini humo?"

"Maji ya chai tu, mama. Yaliyobaki."

"Ya moto?"

"Yalikuwa bado moto."

"Na hukupiga hodi? Hata bismillahi hukusema?"

Haluk akaangua kicheko. "Mama, wenye hamamu walikufa zamani za kale. Unataka awapigie hodi mijusi?"

"Cheka tu. Nyumba ikihamwa na watu haikai tupu, mwanangu."

Papo hapo nyenje waliokuwa wakipiga kelele kutwa nzima wakanyamaza, wote kwa mpigo mmoja. Na ndani ya ukimya ule, chini ya miguu yao, mtoto mchanga akaanza kulia.

Meliha akageuka kumtazama Koray. Alikuwa amelala fofofo, midomo imefumbwa.

"Paka huyo," alisema Haluk, lakini aliteremka ukutani haraka. "Haya, tukusanye vitu. Jua limekuwa kali."

Wakakunja mkeka, wakatoka kwa tao la mlango, wakashika barabara ya mawe kuelekea garini. Meliha alimbeba mwanawe kifuani, na kila hatua aliyopiga ile sauti ilimfuata chini ya mawe, nyembamba, iliyokauka, sauti ya mtoto aliyelia mpaka akachoka. Wakapita nguzo, wakapita kisima kikavu, wakakata kona, wakaingia chini ya tao, na mbele yao palikuwa na mtini, na chini ya mtini palikuwa na makombo ya mkate na mbegu za zeituni walizokula wao wenyewe.

"Nimekosea kona," alisema Haluk.

Wakatoka tena, naye akatangulia akihesabu nguzo kwa kuzigusa, wakarudi pale pale. Mara ya tatu aliacha barabara, akapanda juu ya kuta, akawavuta wanawake mkono mmoja mmoja kupita vichakani, miiba ikiwachana miguu, gari likionekana kabisa kule chini liking'aa juani, na walipoteremka upande wa pili wa ukuta wa mwisho walikanyaga sakafu ya hamamu.

Haluk hakuwa na mzaha tena. Alikaa chini kama gunia.

"Mama," alinong'ona, "tufanyeje?"

Bi Makbule alikuwa akimtazama mjukuu wake. Begani kwa Koray ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mbele ya macho yao uwekundu ule ukavimba, ukajaa maji, ukawa lengelenge la moto, na mtoto asilie wala asifumbue macho. Meliha akamtikisa. Akampuliza usoni. Kichwa kilining'inia tu.

"Koray! Koray, mwanangu, amka!"

Bibi akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, kidole juu ya paji la mtoto, na kadiri alivyosoma ndivyo kilio cha chini kilivyopanda, mpaka akanyamaza mwenyewe katikati ya aya.

"Huyu si shetani wa kufukuzwa," alisema polepole. "Huyu ana haki. Tumemchomea mtoto wake, Meliha."

Hapo wakasikia mitalawanda. Viatu vya mbao, ko, ko, ko, vikitembea chini ya sakafu kutoka ukuta wa mbali hadi kwenye tundu, na pamoja navyo ikaja harufu ya majivu na mataulo yaliyolowa na maziwa yaliyoungua chunguni, na ingawa mbingu ilikuwa wazi juu ya vichwa vyao na jua la adhuhuri likiwaka, giza kama la chumba chenye mvuke likawazunguka hata Meliha hakumwona tena mumewe aliyekuwa karibu naye.

Sauti ya mwanamke ikatoka tunduni. Haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Wako kwa wangu," ilisema.

"Nichukue mimi!" alilia Haluk gizani. "Dada, nisamehe, nichukue mimi!"

"Wewe hukunyonyesha."

Meliha alijiona kama panya aliyefungiwa debeni. Lakini mwili wake ulikuwa umekwisha kusikia jambo ambalo akili haijalisikia: kile kilio kilikuwa cha njaa pia, na maziwa yalikuwa yakimchuruzika mpaka kiunoni. Akamkabidhi Koray kwa bibi yake.

"Nitamnyonyesha."

Bi Makbule akamkamata mkono. "Usithubutu, binti! Ukimpa ziwa anakuwa mwanao. Mwanao kweli! Unajua maana yake?"

"Najua kwamba waliolelewa na ziwa moja hawalipizani kisasi. Niachie, mama."

Akalala ubavu juu ya mawe, akaingiza mikono tunduni hadi mabegani. Kitu kikawekwa juu ya viganja vyake. Kilikuwa kizito kuliko mtoto, na cha moto, na ngozi yake ilibanduka alipoigusa. Akakivuta kifuani huku amefumba macho, akisema bismillahi ambayo alipaswa kuisema mapema, na mdomo ukamshika, baridi kama jiwe la kisimani, ukanyonya, ukanyonya, mpaka akahisi uti wa mgongo wake nao unavutwa, na hakujua ni muda gani alikaa hivyo akibembeleza kitu asichothubutu kukiangalia, mpaka upande ule mwingine, mikononi mwa bibi yake, Koray akapiga ukelele.

Nyenje wakaanza tena. Mikono ya Meliha ilikuwa mitupu. Lengelenge lilikuwa limekauka begani kwa mtoto, na barabara ya mawe, walipoishika, iliwafikisha garini.

Wakarudi Izmir. Haluk alirudi kwenye kazi yake, na picha zote za magofu alizitoa ukutani bila kuambiwa.

Asubuhi moja Meliha alikuwa sebuleni akimnyonyesha Koray, Bi Makbule jikoni akisukuma unga. Mtoto alishiba, akaachia ziwa. Ndipo mitalawanda ikasikika barazani, ko, ko, ko, ikaingia ndani, ikasimama nyuma ya kiti chake. Jikoni, mti wa kusukumia nao ukasimama.

"Dada," ilisema sauti, kwa adabu ya jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Amelia tangu alfajiri. Na kwangu maziwa hayatoki."

"Usimjibu, Meliha," alinong'ona Bi Makbule kutoka jikoni. "Nakuomba mwanangu, usimjibu."

Lakini Koray alikuwa akitabasamu, akitazama juu ya bega la mama yake. Akanyoosha mkono wake mdogo, akashika kitu kisichoonekana, kisha akajisogeza pembeni mwa paja, kumpisha mwenzake.

Blauzi ya Meliha ilikuwa imekwisha kulowa. Akafungua kifungo cha upande wa pili.